Godoro la Sufu Lililochomwa Jumapili

Walimchomea Fancy godoro lake mchana kweupe, pale kwenye nyasi za kuanikia nguo, wasichana wa hosteli nzima wakitazama, na wakasema kunguni walitoka kwa mama yake. Huo ndio ubaya uliofanywa. Aliyetoa amri ni Madam Kosgei, matroni wa hosteli ya wasichana katika chuo kimoja cha wauguzi mjini Nakuru. Aliyebandikwa aibu hiyo ni Jepleting, mama yake Fancy, mwanamke wa miaka arobaini na sita anayelima juu mlimani, ng'ambo ya Molo. Hajawahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kunguni anawajua kuliko mtu yeyote mwenye cheti.

Mambo yalianza na ndoo ya maziwa. Fancy alikuja nyumbani mwezi wa Mei kwa mapumziko mafupi. Asubuhi ya kwanza akachukua ndoo akaenda kukamua, kama alivyozoea tangu utotoni. Jepleting alikuwa nje akikata majani ya ng'ombe. Alisikia maziwa yakilia ndani ya ndoo, chwa, chwa, kisha kimya. Alipochungulia bandani akamkuta msichana ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, vidole bado viko kwenye chuchu, amelala fofofo. Ng'ombe mwenyewe alikuwa ametulia kama anayeogopa kumwamsha.

"Fancy."

Kimya.

"We Fancy! Huyo ni ng'ombe, si kitanda!"

Msichana akaruka, ndoo ikapinduka. Wangeweza kucheka, na Jepleting alikuwa tayari kucheka, lakini Fancy alipoinama kuokota ndoo mkono wa sweta ukapanda, na mama akaona ngozi. Vipele vyekundu, vitatu vitatu, vimepangana kwenye mstari kutoka kiwiko hadi kifundo.

"Hivi ni nini?"

"Ni mbu, Mama."

"Mbu hapigi mstari."

Hapo Fancy akaketi kwenye majani, maziwa yaliyomwagika yakimlowesha viatu, akalia kama mtoto. Akaeleza yote. Chumba chao kiko mwisho wa korido, ukuta mmoja na vyoo, na mlango wa choo ukijibamiza kitanda kinatikisika. Nje ya dirisha kuna taa kubwa ya ulinzi inayowaka mpaka alfajiri, na pazia hakuna. Godoro la chuo limeliwa katikati hadi mbavu zinagusa mbao. Na juu ya hayo yote, kunguni. Taa ikizimwa wanatoka kama waliosikia kengele ya chakula. Tangu Januari hajalala saa mbili mfululizo. Wiki mbili zilizopita alikuwa kwenye wadi ya wanawake, ameshika kipimajoto, akasinzia akiwa amesimama, kipimajoto kikaanguka na kuvunjika. Akapewa barua.

"Iko wapi?"

Fancy akaitoa kwenye begi. Jepleting akaishika, akaitazama juu chini, akamrudishia.

"Isome."

Fancy akasoma. Maneno yalikuwa machache. Akisinzia tena akiwa kazini, ataondolewa chuoni.

"Isome tena."

Akasoma tena. Maneno hayakubadilika.

Mumewe Jepleting alienda Kikopey kuchoma nyama kwa miezi mitatu, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuitwa kwenye kikao cha familia. Fancy ndiye mtu wa kwanza katika nyumba hiyo kupita kidato cha nne. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kuvaa ile kofia ya uuguzi. Na sasa mwaka huo ulikuwa mikononi mwa wadudu wasiozidi punje ya dengu.

"Umemwambia matroni?"

"Nimwambie nini, Mama? Ataniita mchafu."

"Na wenzako?"

"Hakuna anayesema kitu. Labda ni kitanda changu tu."

Jepleting hakushangaa. Kwao nyumba yenye kunguni ni nyumba yenye mwanamke mvivu, basi, hakuna maelezo. Yeye mwenyewe alipokuwa akiposwa, shangazi wa mumewe alikuja kuwatembelea, akakataa kiti, akaketi kitandani, na huku akiuliza habari za mvua akapitisha kidole polepole kwenye mshono wa godoro. Akakitazama kidole. Ndipo akakubali chai. Wasichana wa mlimani wanalelewa wakijua kidole hicho kitakuja siku moja. Ndiyo maana Jepleting alisema maneno ambayo angelipa chochote ayarudishe mdomoni:

"Usimwambie mtu. Hili tutalimaliza sisi wawili."

Akaanza kazi siku ileile. Alikuwa na sufu ya kondoo wake, ya mikato mitatu, ameiweka kwenye magunia juu ya dari akiingoja siku ya harusi ya Fancy. Akaiosha mtoni, akaianika, akaichambua kwa vidole hadi ikawa nyepesi kama povu. Akashona mfuko wa kitambaa kizito cha marekani, mishono miwiliwili, akaujaza sufu na kuupigilia uzi kila shibiri ili isikimbie upande mmoja.

Kisha pareto. Zamani mlima ule wote ulikuwa mweupe kwa maua ya pareto. Watu waliing'oa wakapanda viazi, lakini Jepleting aliacha mistari miwili nyuma ya banda la kuku, kwa ajili ya utitiri na viroboto. Akachuma, akakausha kivulini, maana jua huipunguza nguvu, akasaga kwenye jiwe. Nyingine akaichanganya ndani ya sufu, nyingine akaifunga kwenye karatasi.

Wanawake wa pareto wanajua jambo moja. Unga huo haumuui kunguni papo hapo. Kwanza unamlevya. Anatoka alikojificha, anatembea mchana akiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni, yeye na ukoo wake wote, hata wale ambao hukujua unao. Siku ya kwanza nyumba inaonekana imeharibika kuliko mwanzo. Unafagia, unachoma takataka, siku ya pili unafagia tena, siku ya tatu umepumzika. Jepleting alilijua hilo vizuri mno, hata halikumjia akilini kulisema. Nani humwambia mtu mzima kwamba chai ni ya moto? Na Fancy alikuwa amezaliwa wakati pareto imeshang'olewa. Hakuwahi kuiona ikitumiwa kwa kunguni.

Jumamosi wakashuka Nakuru na Kiptanui, jirani anayebeba viazi kwa lori. Godoro likakaa juu ya magunia, limefungwa kamba.

"Mama Fancy, hiyo ni godoro ama kondoo mzima amelala?"

"Ni kondoo saba. Endesha pole wasiamke."

"Nakuru kuna joto. Hiyo sufu itampika msichana wa watu."

"Joto halijawahi kumfukuza mtu chuoni," Jepleting akasema, na Kiptanui hakuelewa, naye hakueleza.

Langoni askari aliwazuia. "Mathe, godoro haiingii bila ruhusa." Akaitwa Madam Kosgei. Alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, saa ndogo imebanwa kifuani, viatu havina vumbi. Alimsalimu Jepleting kwa lugha ya nyumbani, chamgei, kwa sauti nzuri kabisa. Akaliminya godoro kwa kiganja.

"Umelishona mwenyewe, Mama?"

"Mwenyewe, Madam."

"Kazi safi. Na kusema kweli haya yetu yamechoka. Askari, mwache aingie nalo."

Shikeni maneno hayo. Askari aliyasikia, Fancy aliyasikia, na Kiptanui aliyasikia akiwa ameegemea lori lake.

Chumbani alikuwemo Shiko, msichana wa Mai Mahiu anayelala kitanda cha juu. Mama yake ana kibanda cha chai kando ya barabara ya malori. Shiko alikuwa wa maneno mengi, kitambaa amekifunga shingoni mchana wa jua kali.

Jepleting akavua koti. Akatandua kila kitu. Akavuta kitanda kutoka ukutani upana wa mkono, kunguni wasipate pa kuvukia. Akachemsha maji kwa birika la umeme la Shiko, akayamimina kwenye maungio ya chuma, birika baada ya birika. Dirishani akapigilia blanketi zito la buluu, chumba kikawa giza la kupendeza kama chumba cha nyumbani. Mlango wa choo akaufungia kipande cha tubu ya baiskeli kwenye komeo, akaubamiza mara tatu ajaribu. Ukafunga kama unanong'ona.

"Mathe," Shiko akasema, "ukimaliza hapa twende Mai Mahiu ukatengenezee mama pia. Kule malori yanapita juu ya kichwa."

"Malori siwezi. Mwambie ahame."

"Na hizi kopo nne ni za nini?"

Jepleting alikuwa anaweka miguu ya kitanda ndani ya makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na mafuta ya taa kidogo. Akasita.

"Za siafu."

"Siafu? Ghorofa ya pili?"

"Kwetu wako wengi. Nimezoea."

Shiko akacheka, kisha mkono wake ukapanda wenyewe ukaingia chini ya kile kitambaa cha shingo, ukajikuna. Jepleting akaona. Shiko akaona kwamba ameonwa. Wote wawili wakageukia dirishani wakalisifu pazia.

Kuna jambo jingine aliloliona siku hiyo. Kitanda kilikuwa kimepakwa rangi ya kijivu, mpya mpya. Alipokuwa akikwangua maungio kwa kisu ili unga wa pareto uingie, rangi ikabanduka kipande, na ndani ya rangi, wamenaswa kama zabibu kavu kwenye mkate, walikuwamo kunguni. Wakavu, bapa, wamepakwa pamoja na chuma. Mtu alipaka rangi juu yao. Mtu aliwaona, akachovya brashi, akapaka. Jepleting alikitazama kipande kile muda mrefu. Alitaka kukipeleka chini, akiweke juu ya meza ya matroni. Kisha akakumbuka kidole cha shangazi. Akakifuta kisu kwenye sketi, akakitupa kipande ndani ya ndoo ya taka.

Jumapili asubuhi na mapema simu ikalia.

"Mama."

"Sema."

"Nililala."

Jepleting akaketi kwenye kigogo cha kupasulia kuni.

"Nililala, Mama, sikusikia kitu. Hata kengele. Shiko ndiye aliniamsha. Anasema alikuwa ameanza kuniombea, alidhani nimekufa."

"Hukuumwa?"

"Sikuhisi hata mmoja."

Siku hiyo kanisani Jepleting aliimba kwa nguvu hadi mwanamke wa mbele akageuka kumtazama. Hakujali. Alikuwa hajui kusoma kitabu cha nyimbo, lakini chumba kimoja Nakuru alikuwa amekifanya kikamlaza mtoto, na hakuna profesa aliyekuwa amefanya hivyo.

Saa nane mchana simu ikalia tena. Ilikuwa namba ya Shiko, lakini aliyekuwa akilia ni Fancy.

Wasichana walipotoka kanisani walikuta kunguni sakafuni. Walitembea ukutani, walitembea kwenye korido, wakubwa na wadogo, wamelewa, wanaanguka kutoka mbao za kitanda cha juu. Walitoka kwenye swichi za umeme. Walitoka kwenye ubao wa matangazo. Mtu akapiga yowe, na yowe likaita yowe, hadi Madam Kosgei akapanda ngazi akiwa bado na kofia ya kanisani. Alifuata mstari wa kunguni kwa macho hadi chumba cha mwisho. Akanusa.

"Harufu gani hii? Godoro hili limetoka wapi?"

"Kwa mama," Fancy akasema.

"Ndani kuna nini?"

Fancy akanyamaza. Mama alisema usimwambie mtu.

"Nauliza, ndani ya hili godoro kuna nini?"

Madam Kosgei akageukia korido. Walikuwa wasichana arobaini pale, labda zaidi. "Kabla ya jana, kuna mtu hapa aliyewahi kuona kunguni kwenye hosteli yangu? Aseme sasa."

Wasichana arobaini wakatazama viatu vyao. Wenye sweta za mikono mirefu wakaivuta chini. Shiko alikaza kitambaa chake. Kila mmoja alikuwa akijikuna kwa miezi chini ya blanketi lake, akiamini ni kitanda chake tu, na kila mmoja alikuwa na mama nyumbani mwenye shangazi na kidole.

"Basi tumewajua wametoka wapi."

Askari wakalibeba. Sufu haiwaki upesi. Inajikunja, inanuka kama nywele, inakataa. Kwa hiyo wakaenda kuyachukua yale makopo manne ya Jepleting chini ya kitanda, wakamwagia godoro mafuta ya taa yake mwenyewe, ndipo likawaka. Msichana mmoja akapiga picha. Kufikia jioni Fancy alikuwa na jina chuo kizima, Miss Kunguni, na begi lake lilikuwa langoni.

Jumatatu Jepleting alishuka bila kungoja lori la mtu. Aliingia ofisini kwa Madam Kosgei akiwa na karatasi ya pareto mkononi. Safari hii hakukuwa na chamgei.

"Madam, wale kunguni ni wenu. Hii dawa huwatoa tu. Siku ya kwanza wanatoka, siku ya tatu wamekwisha. Mngengoja siku mbili!"

"Mama, keti."

"Sikai. Nenda kwenye kile kitanda, kwangua rangi na kisu. Utawaona ndani. Wamepakwa rangi."

Madam Kosgei alikuwa ameshika kalamu. Kalamu ikasimama. Ni kitambo kidogo tu, lakini Jepleting amekaa na ng'ombe na wanunuzi wa viazi na mume mwongo, anajua mtu anavyosimama akiguswa penye kidonda. Huyu alijua. Alijua tangu siku ya brashi.

"Vitanda vyote vimetolewa nje kusafishwa," matroni akasema taratibu. "Na hiyo dawa yako unaijua wewe. Una cheti chake?"

"Cheti ni kunguni wenyewe!"

"Mama, usinipigie kelele, hii ni ofisi."

"Wewe ndiye uliniruhusu langoni. Ulisema kazi safi."

"Nilisema uingie. Sikusema uingie na wadudu."

Kisha akafungua faili akatoa karatasi iliyokwisha kuchapwa. Akaisoma kwa sauti, na ni lazima isemwe kwamba aliisoma kwa haki, hakuruka neno. Mimi, Jepleting, mama wa mwanafunzi huyu, nakiri kwamba nilileta ndani ya hosteli godoro la nyumbani lenye kunguni, na ninaomba radhi.

"Ukiweka kidole hapa, msichana atalala nje lakini ataendelea na masomo. Usipoweka, jambo linakwenda kwa kamati, na wewe unajua tayari ana barua. Mimi nakusaidia, Mama."

Nje ya dirisha Fancy alikuwa amesimama kwenye jua na begi lake, macho mekundu, akiyumba kidogo kama wale kunguni. Jepleting alimtazama. Akafikiria ile kofia. Akaufikiria mwaka mmoja. Akanyoosha kidole gumba, Madam Kosgei akakishika kwa upole, akakikandamiza kwenye wino wa buluu, akakipeleka kwenye karatasi. Kwa hiyo Jepleting, ambaye hajawahi kuandika kitu maishani, kitu chake cha kwanza kilichowekwa kwenye faili ni uongo juu yake mwenyewe.

Kule nje Shiko alimfuata hadi langoni. Akafungua kitambaa. Shingo ilikuwa imeumwa mistari kwa mistari, mingine imeshakuwa makovu.

"Mathe, aki nisamehe. Hata mimi. Tangu nikiwa fasti-yia."

"Mbona hukusema jana?"

"Na wewe mbona hukusema Jumamosi? Siafu?"

Jepleting akamfunga kitambaa tena shingoni, akamwendea Fancy.

Fancy alipata chumba cha mabati nyuma ya karakana ya kuchomelea milango ya chuma. Saa kumi na moja alfajiri nyundo zinaanza. Jepleting alimpelekea blanketi la buluu, akapigilia dirishani, akaziba nyufa kwa matambara, akabadilisha upande wa kitanda mara tatu. Nyundo haizibwi kwa tambara. Alimwomba mwenye karakana aanze saa moja. Mwenye karakana akamwambia, "Mathe, hata mimi nina watoto." Kila jioni alimpigia simu Fancy: umelala mchana? Umekunywa maziwa? Fancy alijibu ndiyo, ndiyo, na sauti yake ilikuwa ikizidi kuwa mbali, kama mtu anayejibu kutoka upande wa pili wa bonde.

Siku ya kumi na tisa, kwenye wadi ya watoto, alipatikana ameketi sakafuni chini ya dirisha, faili ya mgonjwa mapajani, kichwa kimeinama. Mtoto aliyekuwa akihudumiwa hakupata madhara yoyote. Alikuwa amemfunika muuguzi wake kwa shuka.

Kamati haikuchukua nusu saa. Walikuwa na barua ya kwanza, walikuwa na kusinzia kwa pili, na walikuwa na karatasi yenye kidole gumba kuonyesha nyumba anayotoka ni ya namna gani. Mwenyekiti alisema wazi: kama si hiyo karatasi wangeuliza kwa nini msichana halali, wangemfikiria. Akasimamishwa hadi itakapotokea taarifa nyingine ya kubadilisha faili.

Akarudi mlimani. Siku nne za kwanza alilala, mchana na usiku, kwenye kitanda cha mama yake, na Jepleting aliwafukuza kuku uani wasimwamshe. Siku ya tano akaamka, akaenda kukamua, na hakusinzia. Hilo ndilo lililomuumiza Jepleting kuliko yote. Msichana hakuwa mgonjwa wala mvivu. Alikuwa tu anahitaji kulala.

Mwezi wa Agosti Shiko akatuma picha kwenye simu ya Fancy. Chuo kilikuwa kimewaita watu wa kupuliza dawa, wenye mabuti na barakoa, hosteli nzima, ghorofa zote. Maana kunguni hawakuondoka na godoro. Wangeondokaje? Katika picha palikuwa na mtungi wa dawa umesimama palepale chumba cha mwisho. Jepleting akaichukua simu akaisogeza karibu na macho. Maandishi hakuyajua. Lakini chini ya maandishi palikuwa na ua, petali nyeupe, moyo wa njano.

"Hii ni pareto," akasema.

Fancy akakuza picha, akasoma maandishi madogo. Akaitikia kwa kichwa.

"Ni pareto, Mama."

"Na waliokufa siku ya kwanza walitokea wapi?"

"Shiko anasema walitoka kwenye swichi. Walifagia beseni tatu."

Hakuna aliyepiga yowe safari hii, maana mwenye dawa alikuwa na mabuti.

Jepleting amekwenda Nakuru mara mbili tangu siku hiyo. Mara ya kwanza aliambiwa Madam Kosgei yuko likizo. Mara ya pili alimwona dirishani, na lango halikufunguliwa. Askari yule yule aliyesikia kazi safi alitazama pembeni. Kiptanui amesema yuko tayari kushuka aseme aliyoyasikia, lakini hakuna aliyemwita.

Kwa hiyo hesabu imebaki hivi. Jepleting anadaiwa na nafsi yake neno moja ambalo alipaswa kulisema siku ile aliposhika kile kipande cha rangi, na deni hilo analilipa kila asubuhi Fancy anapobeba ndoo badala ya vitabu. Wasichana arobaini wanadaiwa ukweli kuhusu mikono yao. Shiko amelipa wake: ameandika, ametia sahihi, na barua yake imefikishwa chuoni. Wengine thelathini na tisa bado.

Na Madam Kosgei anadaiwa mambo mawili. Karatasi yenye kidole gumba, airarue mbele ya kamati. Na sentensi moja, aiseme asubuhi, wasichana wote wakiwa wamesimama palepale kwenye nyasi ambazo hadi leo zina doa jeusi lenye umbo la kitanda: kunguni walikuwa wetu, nami nilijua. Ni maneno machache, hata mtu ambaye hakusoma anaweza kuyashika kwa mara moja. Muhula unafunguliwa Septemba. Fancy ameshafua sare yake ameikunja. Madam Kosgei bado hajasema.